Siku Kengele ya Jabali Haikulia

ALHAMISI, SAA 9:20 ALASIRI

Nyuma ya duka la matairi, mtaa wa Sogea, Tunduma, kuna chumba kisicho na dirisha. Bati lilikuwa linawaka. Nje malori ya kwenda Zambia yalipanga foleni, madereva wakitukanana kwa lugha tatu. Ndani walikaa wanaume wanne, meza moja. Mezani palikuwa na mfuko wa saruji uliochanwa, na juu ya mfuko kisiwa kilichochorwa kwa mkaa.

Mchoraji alikuwa Lusubilo, fundi mwashi wa Isansa. Mkono ulimtetemeka, ndiyo maana kisiwa kilitoka na makona mengi kuliko yale Mungu aliyokipa.

"Rudia," Mbonile alisema.

Lusubilo akarudia. Kisiwa kiko Ziwa Rukwa, mbele ya Ivuna, nusu saa kwa boti. Ni mwamba mtupu, watu wa ufukweni wanakiita Jabali. Juu yake kuna monasteri ya kale, iliyojengwa na watawa wa Kizungu kabla babu za babu zetu hawajaota ndevu. Kuta zake ni nene, mkono mzima unapotelea humo. Sasa wamebaki watawa tisa, watu wa huku huku, wazee watupu. Hakuna mlinzi. Hakuna mtandao, simu kule ni tochi tu. Nyuma ya altare kuna chumba cha sakristia, na ndani yake kabati la chuma lililojengewa ukutani. Humo inakaa monstransi, chombo cha dhahabu chenye miale kama jua, kinachotolewa mara moja kwa mwezi watu wakiabudu.

Mnunuzi alikuwa tayari, ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Jina lake alilijua Mbonile peke yake.

Huyu Mbonile usimwone hivi. Mfupi, mpole wa sauti, shati limepigwa pasi, ungemwona barabarani ungedhani mzee wa kanisa anawahi kikao. Hanywi. Hatukani. Mwaka juzi walivamia ghala la kahawa Mbozi. Waliingia watano, wakatoka wanne, na baada ya wiki wakabaki watatu. Aliyepungua wiki ile, Luka, aliokotwa Mto Songwe mikono imefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Hakuna aliyeuliza. Kwa Mbonile kuuliza ni ugonjwa.

"Saa ngapi wote wanakuwa sehemu moja?"

"Saa sita mchana," Lusubilo alisema. "Sala. Wanaingia kanisani robo saa kabla. Saa nyingine wametapakaa mwamba mzima, bustanini, majini."

"Na wakitaka msaada?"

"Kengele. Inasikika mpaka Ivuna. Anapiga Bruda Yesaya, asubuhi, saa sita na jioni."

Mbonile akachukua mkaa, akaukata mnara wa kengele pale mchoroni kwa mstari mmoja. "Basi hiyo saa sita isilie. Simwachii mtu kamba ya kengele mkononi. Mzee anafungwa kabla hajaigusa. Wengine wanafungiwa kanisani. Fundi anavunja ukuta. Dakika arobaini tumeondoka."

Hapo Lusubilo akafungua mdomo, akaufunga.

Nikwambie alichokimeza. Miaka miwili nyuma alikaa Jabali miezi mitatu akikarabati paa. Katika miezi hiyo mtawa mmoja akafa, na siku hiyo kengele haikulia kabisa. Ndiyo desturi yao. Maiti ikiwa ndani, kengele hunyamaza, na kimya ndicho kinachotangaza. Kule Ivuna wachemsha chumvi wanakula mchana kwa kengele ile. Walipoikosa, walizima moto chini ya masufuria yao, na haikufika saa nane boti zilikuwa zimelizunguka Jabali, wanawake wamejifunga kanga viunoni, unga kichwani, kuni kichwani. Harusi ina mwaliko, msiba hauna.

Kwa hiyo kengele ikilia nje ya saa zake, hatari. Isipolia, watakuja wote. Mbonile alikuwa anajichimbia shimo mwenyewe, na aliyeliona shimo lile ni mtu mmoja tu kati ya wanne.

Kwa nini alinyamaza? Kwa sababu ya yule kijana aliyeketi kona ile anachezea kiberiti. Isaka, miaka ishirini na mitatu, mdogo wake wa tumbo moja. Baba yao alipofariki Lusubilo ndiye aliyembebesha madaftari, ndiye aliyemfunga kamba za viatu. Isaka huyo miaka miwili sasa alikuwa mtu wa Mbonile, na mdomo wake ndio ulioleta balaa. Alimsimulia bosi kuwa kaka yake alishaiona dhahabu ya Jabali kwa macho. Wiki iliyofuata Mbonile alimfuata Lusubilo kwenye jengo alilokuwa akijenga Nanyala, akamsalimia vizuri, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ama anakuja kuwaonyesha njia, ama Isaka anamfuata Luka.

Akaja. Lakini hakuwa mjinga. Alijua kuwa kazi ikiisha salama, boti itarudi na watu wawili. Yeye na Isaka watabaki Rukwa na mamba. Na kazi ikiharibika, watu wakaja wengi kiasi cha kuifanya bunduki moja ionekane kichekesho, Isaka atakamatwa. Jela kuna kutoka. Kaburini hakuna. Hiyo ndiyo hesabu yote aliyoipiga.

"Una neno, fundi?" Mbonile alimuuliza.

"Sina."

IJUMAA, SAA 8:00 MCHANA

Hakuna aliyetoka. Simu zote ziliingia kwenye ndoo tupu ya rangi, na ndoo ikawekwa chini ya kiti cha Mbonile. Chakula kilipitishwa mlangoni. Rabson, mtu wa nne, dereva na mwendesha boti, mzaliwa wa upande wa Nakonde, alilala mchana kutwa akikoroma. Watu wa namna hiyo wana bahati yao.

Lusubilo alimpata mdogo wake koridoni, kwenye foleni ya choo. Akamshika mkono. Akamwambia waondoke sasa hivi, ukuta wa nyuma ni mfupi, ng'ambo ya ukuta kuna malori, dereva gani asiyechukua abiria.

Isaka alicheka. Alikuwa anacheka kila kitu, tangu mtoto.

"Braza, unawaogopa mabruda?"

"Namwogopa huyu mtu wako. Luka alimkosea nini?"

"Luka alizingua. Mimi sizingui." Akamgonga kaka yake bega. "Tulia. Kesho jioni tunakula kuku."

Lusubilo alimtazama akirudi chumbani kwa mwendo wake wa madaha. Alimwonea uchungu. Alijiambia, huyu haelewi. Huyu hajawahi kuogopa chochote, na asiyeogopa hufa mapema.

JUMAMOSI, SAA 4:35 ASUBUHI

Walikuwa wameondoka Tunduma alfajiri, kwenye Noah kijivu, wamevaa ovaroli za ujenzi, vifaa vya fundi nyuma. Vwawa, Mlowo, kisha wakaiacha lami na kuteremka bonde la Rukwa. Joto likapanda kadiri walivyoshuka. Masikio yakaziba. Rabson peke yake aliguna kuhusu mashimo ya barabara.

Walipofika ufukweni Ivuna moshi wa chumvi ulikuwa umetanda. Wanawake walikuwa wakikoroga masufuria, watoto wakikimbizana na mbuzi. Mama mmoja mnene, miwani imefungwa uzi, alimtambua Lusubilo. Alikuwa Mama Ketrina, aliyekuwa akiwauzia samaki wakati wa lile paa. Alimuuliza habari za nyumbani, akamuuliza kama paa linavuja tena, akamwambia awasalimie mabruda. Lusubilo alijibu zote akitazama chini. Nyuma yake alisikia pumzi ya Mbonile.

Kwenye boti ya kukodi, Rabson akiiendesha, Mbonile aliufungua mfuko wa vifaa vya fundi, akaingiza mkono, akampa Isaka bastola. "Wewe ni mlango wa kanisa," alisema. "Atakayetoka, usimuulize jina."

Isaka akaichomeka ndani ya ovaroli. Akamkonyeza kaka yake. Jabali lilikuwa linakua mbele yao, jeusi, kuta zimeota juu ya mwamba utadhani mwamba wenyewe ndio uliozizaa.

SAA 5:10

Rabson alibaki na boti. Watatu walipanda ngazi za mawe, mia moja na kitu, magoti yakilia.

Bruda Yesaya aliwapokea juu. Mzee mrefu, kanzu imechakaa, miguu peku. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," Lusubilo aliitika.

Yesaya alimkumbatia. Alimwita fundi wetu. Alimuuliza habari za mama yake mzazi, Yunisi, kama mguu umepona, maana miaka miwili iliyopita Lusubilo alimwomba amwombee mguu ule. Hebu fikiria. Umekuja kumwibia mtu, naye anakuuliza mguu wa mama yako.

Lusubilo alisema umepona. Alisema hawa ni vibarua wake, wamekuja kuangalia nyufa kabla ya mvua. Yesaya akamtazama Isaka, akasema huyu amefanana na wewe. Isaka akacheka. Mbonile naye akatabasamu, akavua kofia, akaomba maji ya kunywa kwa adabu zote.

SAA 5:50

Watawa wanane waliingia kanisani mmojammoja, kimya, bila kugeuka. Wa mwisho alipopotea ndani, Mbonile alimpa Isaka ishara kwa kichwa. Isaka akavuta milango miwili mizito, akapitisha nondo kwenye vishikio. Ndani hakuna aliyepiga kelele. Walianza zaburi. Sauti za wazee wanane zilipita kwenye mbao, polepole, kana kwamba hawajafungiwa na mtu.

Chini ya mnara, kando ya mlango huo wa kanisa, Bruda Yesaya alikuwa anakunja mikono ya kanzu ili ashike kamba. Mbonile alimkamata kwa nyuma. Wala hakumpiga. Alimkalisha chini, akamfunga mikono kwa ustadi wa mtu aliyefunga wengi.

Mzee aliwatazama wote watatu. Alipofika kwa Lusubilo macho yakakaa.

"Mwanangu," alimwambia Mbonile, "chukueni mnachotaka. Lakini niache nipige. Nisipopiga, watu wa ng'ambo watajua tuna msiba. Watakuja wote."

Zaburi ikaendelea kule ndani.

Mbonile aligeuka taratibu. "Fundi. Umekaa hapa miezi mitatu. Kweli hiyo?"

Wewe hujawahi kusimama pale. Lusubilo alimwona Isaka pembeni, mkono kwenye ovaroli, anamsubiri na yeye. Akisema kweli, kengele italia, kazi itaisha, na wao wawili wataliwa na mamba. Akisema uongo, na uongo ukagundulika, hatafika hata kwenye ngazi.

"Anadanganya," alisema. "Anataka kamba tu."

Mzee hakumkatalia. Aliinamisha kichwa. Mbonile alimtazama Lusubilo, kisha akatoa kisu, akaikata kamba ya kengele juu kabisa alikofikia.

SAA 6:00

Jua lilikaa katikati ya kichwa. Kengele haikulia. Lusubilo alilisikia pengo lile hewani, akajiuliza inawezekanaje wengine wasilisikie. Ng'ambo, majini, moshi wa Ivuna ulikuwa bado unapanda. Akaomba upungue. Akaomba usipungue. Hakujua aombe lipi.

SAA 6:20

Sakristia, waliyoiingia kwa mlango wa uani, ilinuka nta na mbao kuukuu. Kabati lilikuwa pale, mlango wa chuma, kufuli ya zamani isiyovunjika. Njia ilikuwa kuchimba mawe ya pembeni. Lusubilo akapanga tindo zake, akachagua butu kuliko zote.

Akapiga. Jiwe la kwanza lilimchukua robo saa. Kwa kawaida angelitoa kabla sigara haijaisha. Aligonga, akapuliza vumbi, akapapasa, akagonga tena. Mbonile alisimama nyuma yake, mgongo ukutani, saa mkononi. Kwenye mlango wa upande wa altare, waliokuwa wameukomea, zaburi zilikuwa zinapita. Nyundo na zaburi, nyundo na zaburi. Jasho lilimwingia machoni na aliogopa kulifuta.

"Fundi, unachimba au unabembeleza?"

"Chokaa ya wazee hii. Ukiharakisha, ukuta unaporomoka na kuziba."

"Umesema dakika arobaini."

"Wewe ndiye uliyesema."

Lilimponyoka. Mbonile alisogea hatua moja, akaichukua ile tindo butu, akaipitisha kidoleni. Akaiweka chini. Akampa Lusubilo ile kali.

"Tumia hii," alisema kwa upole uleule.

Tangu hapo Lusubilo hakuweza kuchelewa tena. Jiwe la pili likatoka, la tatu, la nne. Kila jiwe lililoanguka lilikuwa linamsogeza mdogo wake majini. Alianza kuhesabu kimoyomoyo: boti zitengenezwe, kuni zifungwe, kina mama wajifunge kanga, nusu saa ziwani. Labda wamesahau. Labda siku hizi kila mtu ana saa ya simu, nani anasikiliza kengele.

SAA 7:20

Miguu ilikimbia uani. Rabson aliingia, pumzi imemwishia.

"Boti," alisema. "Nyingi. Nimehesabu kumi na moja."

"Polisi?"

"Awe, hapana bosi, sijui mukwai. Zimejaa watu."

Mbonile hakupandisha sauti. Aliuliza nani amepiga simu. Rabson akaapa kwamba hana simu, simu iko kwenye ndoo Tunduma, ndoo ya bosi mwenyewe. Mbonile akamkumbusha kwamba amekuwa peke yake kule chini saa mbili nzima, na mwenye boti na simu ya pili anaweza kusogea hadi mtandao unaposhika. Rabson alirudi nyuma hatua moja, halafu ya pili. Uso wake ulikuwa umefanya hesabu yake tayari. Kisha akakimbia. Walimsikia akishuka ngazi, na muda si mrefu injini ya boti ikanguruma, ikaenda mbali, ikapotea upande wa kaskazini ambako hakuna kijiji.

Huo ndio undugu wa majambazi. Unadumu mpaka mmoja aone mlango.

"Isaka," Mbonile aliita.

Isaka aliingia kutoka mlango wa kanisa. Mbonile alinyoosha mkono. Isaka akasita kidogo, kidogo sana, kisha akampa bastola.

SAA 7:35

Ndipo wakausikia wimbo. Ulianzia chini, mbali, sauti moja ya mwanamke, kisha nyingi zikaupokea. Si wimbo wa vita wala wa polisi. Kila mtu aliyezaliwa mkoa wa Songwe anaujua ule mdundo, anaujua kwa utumbo. Wanawake walikuwa wanaomboleza.

Mbonile aliusikiliza. Midomo yake ikatembea bila sauti. Uso wake mpole ulibadilika polepole, kisha ukatulia kabisa, na huo utulivu ndio uliomtisha Lusubilo kuliko yote ya siku tatu zile.

"Mzee alisema," Mbonile alinong'ona. "Nisipopiga, watakuja wote." Mdomo wa bastola ukapanda, ukatulia kwenye kifua cha Lusubilo. "Na wewe ukasema anadanganya."

Nyundo ilimdondoka Lusubilo. Alichokiona ni tundu jeusi tu.

"Hakujua," Isaka alisema.

Hakuwa anacheka. Alijisogeza, hatua mbili, akasimama katikati.

"Yeye alikuwa mtu wa juu ya paa, atajuaje ya ndani. Mimi nilijua. Yule mzee alinirudia maneno yale pale mlangoni. Nikamwamini. Muda ulikuwepo wa kukwambia, bosi. Nikakausha."

"Isaka, nyamaza," Lusubilo alisema, na sauti yake hakuitambua. "Ni mimi. Mbonile, ni mimi, mwache."

"Kwa nini?" Mbonile alimuuliza Isaka, kama hajamsikia mwingine.

Isaka alishusha pumzi.

"Nimechoka kukuogopa, bosi. Miaka miwili kila siku naogopa. Nimechoka."

Mlio ndani ya chumba kile ulikuwa mkubwa kuliko chumba. Vumbi la chokaa likashuka. Isaka alikaa chini polepole, akiwa ameshika mkono wa shati la Mbonile uliotokeza kwenye ovaroli, shati lile la pasi, na hakuliachia. Mbonile alivuta. Akavuta tena. Kitambaa kikachanika. Zaburi zilikuwa zimekatika, miguu na sauti zilikuwa tayari zinapanda ngazi, na Mbonile hakuwa na muda wa mtu wa pili. Alitoka mbio.

Boti ya kukimbilia haikuwepo. Alisimama katikati ya ngazi, bastola mkononi, mbele ya watu zaidi ya sitini. Alifyatua moja hewani. Labda alitegemea watatawanyika. Lakini walikuwa wamekuja kuzika mtu wanayempenda, na wanaume walikuwa na makasia mikononi. Sitakusimulia walichomfanya. Polisi, walioitwa baadaye na watu wa Ivuna, walimkuta anapumua, kwa shida.

SAA 8:05 MCHANA

Mama Ketrina ndiye aliyefika wa kwanza sakristia. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, mfuko wa unga bado uko kichwani. Alimkuta fundi wa paa amekaa sakafuni, kichwa cha kijana kwenye mapaja yake, anamfuta vumbi usoni kwa kiganja. Kijana alikuwa ameshakwenda.

Mama yule aliushusha unga. Alipiga magoti kwa taabu, akaivua kanga ya juu, akamfunika Isaka kuanzia kifuani.

"Tumlilie nani, baba?" aliuliza. "Jina lake nani?"

Lusubilo alimpangusa kijana vumbi la mwisho usoni.

"Isaka," alisema. "Mdogo wangu."

Wanawake waliojaa mlangoni wakalipokea. Isaka, Isaka wa mama yake, umetuacha na nani. Walimlilia mtu wasiyemjua kana kwamba alikulia masufuriani mwao. Wanaume waliingia nyuma yao, na mmoja wao, kasia bado lina damu, akauliza huyu fundi naye si alikuja na wale, si yumo kundini. Watu wakaanza kunong'ona. Makasia mawili matatu yakanyanyuka.

Bruda Yesaya aliwapita. Mikononi mwake hapakuwa na kamba. Alisimama kati ya yule mwanaume na Lusubilo.

"Ni ndugu wa marehemu," alisema. "Mwacheni alie kwanza."

Kisha akaketi sakafuni, akamsogelea Lusubilo, akaongea kwa sauti ambayo aliisikia yeye peke yake. Alimwambia kwamba pale mlangoni alimrudia kijana habari ya kengele na msiba mara moja tu. Kijana alimuuliza swali moja: kaka yangu analijua hili? Yesaya alimjibu kwamba kaka yake alikuwepo Jabali siku ya msiba wa mtawa, alibeba jeneza. Halafu kijana akapiga magoti nyuma ya mzee na kumlegeza kamba, fundo likimchukua dakika kadhaa.

Lusubilo alimsikiliza hadi mwisho. Ndipo kilio kikatoka. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila haya, kina mama wa Ivuna wamemshika mabega huku na huku, hadi boti ya polisi ilipofika saa kumi na dakika tano.